Tangazo la Kaka na Majoho ya Kwaya

Juzi mteja wangu mmoja, mwenye kiduka cha mitumba, aliniuliza kama inalipa kulipia tangazo la intaneti, lile linalotokea watu wakitafuta kitu. Nilimjibu ovyo, akanuna. Haki yake. Angejua ninachokumbuka, asingeniuliza mimi.

Kaka yangu alianza kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani, akapanda mpaka kuwa mwongozaji, siku zote kwa kampuni za watu. Magoti yalipoanza kumsumbua akaamua kufungua kakampuni kake. Mama, kule Uru, akamuuza ng'ombe wake wa maziwa, yule aliyetusomesha. Mgeni mmoja aliyewahi kupanda na kaka akamtengenezea tovuti, kisha akachukua fedha ya ng'ombe na kulipia tangazo kwa kadi yake ya benki, maana sisi kadi hizo tulikuwa tunazisikia tu.

Mimi nilikuwa nashona barazani kwa Mhindi mmoja pale mjini Moshi, na ndani ya duka alikuwa ameweka kompyuta za kukodisha. Siku kaka aliponionyesha jina lake juu kabisa, juu ya kampuni zenye magari, jamani, nililia. Akanifundisha maneno ya kuandika na mahali pa kubonyeza. Ukibonyeza tu, unamwona kaka amesimama na fimbo yake, anacheka.

Basi kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani nilikwenda kumbonyeza. Na mimi sina kiasi. Mwezi ule nilikuwa nashona majoho ya kwaya yetu, na kila aliyekuja kupimwa nilimwingiza ndani.

"Bonyeza na wewe, tumuunge mkono."

Kanisani kwetu mwenzako akiwa na jambo huendi mikono mitupu. Sauti ya kwanza wakabonyeza, sauti ya pili wakabonyeza, besi wakagombania kiti. Mama mmoja alirudia mara tatu, eti mara ya kwanza hakumwona vizuri. Mwenye duka akatutania kwamba ibada imehamia kwake.

Kaka akaanza kupata habari kutoka kwa yule mgeni: watu wanabonyeza kila siku, fedha inakwisha, lakini hakuna hata mmoja anayeandika kuuliza safari. Akaongeza akiba yake yote. Nayo ikaisha. Julai ikaingia, wageni wamejaa mjini, kwake hakuja mtu.

Asubuhi moja nikatafuta jina lake, sikuliona. Nikamwuliza mwenye duka.

"Fedha yake imeisha, dada. Kila mtu akibonyeza, yeye anakatwa."

"Hata nikibonyeza mimi?"

"Hata wewe. Kompyuta itajuaje kwamba wewe ni dada yake?"

Sikushona siku ile.

Jioni nilipanda Uru nimeazimia kusema. Nilimkuta kaka jikoni kwa mama, sahani ya ndizi mbele yake, hajaigusa.

"Wananitazama, dada," akasema. "Kila siku wananitazama, halafu wanaondoka. Nina nini mimi? Ni sura? Ni Kiingereza changu?"

"Kula, mwanangu," mama akasema. Kupitia mlango niliona zizi, tupu, limeshafagiliwa.

Nikafungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Kaka alirudi kubebea watu mizigo, na magoti yale yale. Kwa nafasi ya uongozaji kampuni alizoziacha hazikumtaka tena. Hata leo, miaka yote hii, kwenye harusi akiona kamera anageuza uso. Ukimwuliza anasema wazungu walishaitazama sura yake wakaikataa.

Wazungu gani, kaka yangu! Ilikuwa sauti ya kwanza na ya pili na besi, na mimi kila asubuhi. Mama amekufa hajui. Na kaka sijamwambia.