Shemeji Ananijibu kwa Maneno Yangu Mwenyewe

Admin, ficha jina langu vizuri, maana huku Minnesota sauti yangu inajulikana kuliko sura. Mimi ni baba wa miaka hamsini na kitu, shule niliachia Form Two, naendesha basi dogo la hoteli Bloomington, nabeba wageni wa uwanja wa ndege. Lakini wikendi mimi ndiye MC. Harusi, ruracio za kupeleka mahari, harambee, zote ni mimi. Kuna harambee moja jirani Mzungu alikuja kulalamika kelele, nikamshikisha maikrofoni, akaondoka ametoa mchango na anaimba na sisi. Ulizeni yeyote.

Basi mwaka jana kikundi kimoja cha kutetea haki ya kumiliki bunduki kikanitafuta. Walikuwa wamesikia vile nilifukuza wezi kwangu na bastola yangu ya halali. Wezi walikuwa watatu. Mke wangu husema alikuwa mmoja, lakini yeye siku hiyo alikuwa kazini, atajuaje? Wakataka video ya Kiswahili. Mzee wao, Mzungu mmoja mpole wa ndevu, alikuja na karatasi imejaa katiba na uhuru. Nikamwambia, "Mzee, hiyo weka kando. Mkenya ukimwambia katiba anatoa simu anaangalia WhatsApp. Mwambie habari ya mlango wake."

Nikatunga mwenyewe, papo hapo. "Uliacha majambazi nyumbani, ukaja huku, ukainua wazee wa watu kitandani mpaka mgongo ukauma, ukapata nyumba. Mlango ni wako, ulinde. Na akija mtu kukwambia utoe bunduki yako, hata akija na uso wa ndugu, mwambie hapana." Nilipomtafsiria hiyo ya mwisho, mzee alisimama akapiga makofi. Video ikasambaa. Kanisani watu wakaacha kunisalimia Bwana asifiwe, ikawa ni "Mlango ni wako!" Na niseme wazi, nilichosema nakiamini mpaka leo. Msinitukane kwa hilo, si hilo nililoleta hapa.

Nimeleta habari ya shemeji yangu, ndugu ya mke wangu. Ni mtu wa kimya, anafanya kazi kwa nyumba ya wazee hapa Saint Paul, anakaa mtaa wa Frogtown. Mke wake alimwacha akaenda Texas na watoto. Alipobaki peke yake aliona video yangu, akanunua bastola, akanipigia simu akicheka: "Shemeji, hata mimi sasa niko na mlango." Nilifurahi! Nilimtangaza kwa karamu.

Lakini tangu baridi ianze hashiki simu. Kazini ameacha kwenda. Juzi alileta kwetu koti lake zuri na picha za watoto, akamwambia mke wangu, "Niwekee hizi, mimi sitazihitaji." Mke wangu ni nesi. Alikaa chini jikoni na lile koti mapajani, akaniambia, "Baba watoto, nenda ukachukue hiyo kitu kwake. Leo."

Nikaenda. Alifungua mlango nusu, mnyororo bado umefungwa. Amekonda, ndevu zimejaa.

"Shemeji, nipe hiyo bastola nikuwekee kidogo tu."

Akaniangalia, akatabasamu, na hilo tabasamu halijanitoka kichwani. "Hata akija na uso wa ndugu," akasema. "Si ndio ulitufundisha?"

"Ile ilikuwa ya kuambia serikali, bwana! Si ya mimi na wewe!"

"Hukusema hivyo, shemeji. Ulisema mtu."

Akafunga. Mimi niliyefanya jirani aimbe, nilibaki kwa korido nikiongea na mbao.

Nikampigia yule mzee wa ndevu. Hakushangaa. Akaniambia wao kwa wao, rafiki akilemewa moyoni, humwekea bunduki zake mpaka apate nafuu, na hakuna anayeona ni kunyang'anywa haki. Nikamuuliza, mbona hukuniambia niweke hiyo kwa video? Akasema, "Ingepunguza nguvu ya ujumbe." Na Jumamosi wananingoja nje ya jengo la bunge la jimbo niseme maneno yale yale mbele ya umati.

Mke wangu anasema, "Ulimwambia mbele ya watu wote, sasa mrekebishie mbele ya watu wote." Nikifanya hivyo wenzangu wataniona nimegeuka, na watu wa kanisa watanicheka. Lakini nikinyamaza, shemeji ataendelea kunisikiliza mimi wa kwa video, yule mjanja, badala ya mimi niliye mlangoni.

Sasa hivi niko nje ya jengo lake na basi la hoteli, nimemwambia bosi nimepata pancha. Mke wangu ameshapiga ile namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, wamesema asiachwe peke yake, na mke wangu mwenyewe yuko njiani kuja. Pazia la shemeji limefungwa mchana kweupe. Napanda. Nitakaa kwa korido hata kama hafungui.

Nyinyi maelfu mnaosoma hapa, mimi maneno yameniisha na yeye anayo yangu yote. Nimwambie nini afungue huo mnyororo? Andikeni upesi, nitakuwa nayasoma nikiwa nimeegemea mlango wake.