Tangi Lililolala na Blanketi

Mama yangu alilala kwenye karavani ya wazungu uani kwetu kwa sababu hakuweza kulala chini ya paa la mume wangu. Hawakuwa na ugomvi. Ni ukwe tu. Kwetu Kabuchai, Bungoma, mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, hapiti karibu na kitanda chake, na choo cha mkwewe hakiingii hata kama amebanwa namna gani. Mume wangu alizaliwa Kitale, katika familia zilizotoka upande wa Kati zamani zikanunua mashamba Trans-Nzoia. Kwao mama mkwe akija hupewa chumba kizuri kuliko vyote, na asubuhi mkwe mwenyewe anampelekea chai. Sheria zetu aliziheshimu vile mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani: kwa kupita mbali.

Tulikuwa tunaishi juu ya mji, upande wa kuelekea mlimani, mahali ambapo Januari unaamka asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua kwa baridi na nyasi ni nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Mume wangu alikuwa fundi wa magari. Kabla mama hajaja, mzee mmoja mzungu na mkewe, waliokuwa wakizunguka nchi baada ya nchi na nyumba yao ya magurudumu, waliharibikiwa na gari karibu na kwetu, naye akawatengenezea. Wakawa marafiki. Mke alipougua wakapanda ndege kurudi kwao, karavani wakaiacha kwetu mpaka Mungu atakapojalia.

Ilikuwa na kitanda, jiko, sinki na choo, na chini ya choo kulikuwa na tangi la kupokea uchafu. Kabla ya kuondoka, yule mzee alimfundisha mume wangu jinsi ya kulichunga. Kwao wakati wa baridi maji huganda ndani ya mabomba, yakishaganda yanavimba, na yakivimba yanapasua. Bomba likikupasukia utalia, lakini tangi la choo likikupasukia utahama. Kwa hiyo mabomba yafunikwe, maji yasiachwe yamelala ndani, na tangi litiwe chumvi, maana maji ya chumvi hayagandi upesi. Nilimwambia mume wangu kwamba hapa ni Kitale, si Ulaya. Akanijibu kwamba mali ya mtu ni mali ya mtu. Akamimina chumvi ya ng'ombe iliyoyeyushwa ndani ya tangi na kulizungushia magunia ya magunzi ya mahindi, mimi nikisimama hapo nikimcheka.

Basi mama akaugua mguu. Alikuwa amejikata na jembe akipalilia miwa, kidonda kidogo juu ya kifundo, na kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa sukari kidonda kikakataa kupona. Tulipomtoa Bungoma kumleta kwa daktari Kitale, yule daktari alikigeuzageuza, akasema kinaweza kufunga kikikaa kikavu na mguu ukikaa na joto, na kikisafishwa mara kwa mara pale hospitalini. Kisipofunga, alisema, tutazungumza mambo mengine. Hakusema ni mambo gani, na mama hakuuliza. Aliutazama mguu wake kama mtoto aliyefanya makosa mbele za wageni.

Hapo ndipo karavani ikawa jibu la maombi. Paa lake mwenyewe, mlango wake mwenyewe, choo chake mwenyewe. Hata jirani wa karibu kabisa alikuwa mbali, na choo chetu cha shimo kilikuwa cha mume wangu pia, kwa hiyo hakikuwa cha mama. Nilitandika kitanda, nikaweka blanketi zito nililonunua kwa ajili ya miguu yake, nikajiona binti wa maana sana.

Siku ya kumwonyesha, mume wangu alisimama nje, mbali na mlango, kama nilivyomwelekeza. Mama alikaa ndani akitazama chini, kichwa kimefunikwa kitambaa. Mume wangu akamweleza mambo ya bomba na koki, na mimi nikaingia kumwonyesha kwa mkono. Tulipofika kwenye choo, mama hakuelewa. Choo kisicho na shimo kinapeleka wapi? Mume wangu, kwa moyo wake mzuri, akasema:

"Mama, hiyo isikusumbue hata kidogo. Kuna tanki hapo chini. Ikijaa, ni mimi mwenyewe ndio nitamwaga."

Mama akanigeukia. Akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, nani anamwaga? Nikacheka. Nikamwambia kwa lugha hiyo hiyo: "Si umesikia? Mkweo."

Mama akasema sawa.

Sijui ni mara ngapi nimelirudia hilo neno lake. Mimi ndiye niliyenyonya maziwa ya Kabuchai. Mume wangu alikuwa na haki ya kutojua, lakini mimi nilijua kwamba mama yangu hawezi kuanika kanga yake ya kuogea mahali mkwewe anapoweza kuiona. Na nilipocheka kitu kilinifinya kidogo hapa kifuani, nikakipuuza. Nilikuwa na sufuria jikoni.

Wiki zikapita. Kila tulipokwenda hospitalini, muuguzi alifungua bandeji akakuta imelowa, wakati mwingine na punje za udongo. Aliuliza kama mama anafua. Aliuliza kama anakwenda shambani. Mama alisema hapana, na muuguzi akanitazama mimi. Nilisikia aibu, na aibu kwangu haikai aibu kwa muda mrefu, inageuka hasira. Tukifika nyumbani nilimfokea. Nilimwambia sikumtoa kwake aje kunichezea hapa. Nilimwambia akitaka kukatwa mguu aseme, tuache kusumbuana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akauliza kama kuku wamefungiwa.

Baridi ikazidi. Asubuhi moja maji yakakataa kutoka kwenye sinki ya mama, na mume wangu alipoufuata mpira wa maji uliolala juu ya nyasi, akaukunja ukatoa mlio wa kuvunjika. Ndani mlikuwa na barafu. Aliniita nije nione, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikoma kumcheka siku hiyo. Jioni alirudi na magunia zaidi, akaingia chini ya karavani kwa mgongo, akafunga kila bomba. Lakini magunia hayakutosha kwa tangi. Akauliza kama kuna kitu chochote kizito cha kulifunika, maana kwa hesabu yake lilikuwa linakaribia kujaa, na tangi lililojaa ndilo hupasuka.

Nikaingia kwa mama. Lile blanketi zito lilikuwa limekunjwa miguuni pa kitanda. Nikamuuliza kama analihitaji.

"Mimi sisikii baridi," mama alisema. "Chukua."

Nikachukua.

Siku chache baadaye sakitu, ule umande ulioganda, ilianguka kuliko siku zote. Tulipofungua mlango asubuhi, ua mzima ulikuwa mweupe. Mume wangu akasema hawezi kungoja tena, leo tangi linamwagwa, lipende lisipende. Alikuwa amechimba shimo nyuma ya boma. Akavaa buti, akafunga pua kwa kitambaa, nami nikasimama upande kumshikia ndoo na kumtania kwamba ameoa mkoa wa Magharibi mzima pamoja na tangi lake. Akalitoa blanketi, akafungua koki.

Yalitoka maji. Maji meupe, ya chumvi, yasiyo na harufu yoyote. Yalikuwa yale yale aliyoyamimina yeye mwenyewe kabla mama hajafika, na yalikwisha upesi.

Akashusha kitambaa puani. Alinitazama, akalitazama tangi, akanitazama tena. "Mama yako hajawahi kutumia hii choo," akasema.

Nilikuwa nimeshageuka. Kutoka kwenye ngazi ya karavani kulikuwa na njia juu ya ile nyasi nyeupe, madoa ya kijani kibichi mahali barafu ilipokanyagwa. Nyayo za kandambili. Mguu mmoja ulikanyaga vizuri, mwingine ulikuwa umeburutwa, na kando yake kulikuwa na vitobo vya fimbo. Njia hiyo ilipita nyuma ya zizi, ikakata shamba la viazi, ikaingia kwenye mabua ya mahindi kule mwisho kabisa, kwenye vichaka. Halafu ikarudi. Nyayo zilikuwa mpya, za alfajiri ile. Nilizifuata mpaka kwenye mabua. Kandambili zangu zikalowa, vidole vikaniuma kwa baridi, na mimi nilikuwa na miguu mizima miwili.

Niliporudi mama alikuwa amekaa kitandani, bandeji imelowa, ameshajua. Nilitaka kumfokea tena, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea. Nikamuuliza tu kwa nini.

"Nimpe mkwe wangu mavi yangu abebe?" akasema. "Halafu nile chakula chake na macho gani?"

Nikamwambia angeniambia mimi. Nikamwambia ningemwaga mimi.

"Nilikuuliza nani anamwaga," mama alisema. "Ukacheka."

Hakulisema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angelisema kwa ubaya.

Nilimweleza mume wangu yote, nje, tumesimama karibu na shimo lake alilochimba. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitarajia aziseme vibaya desturi zetu, na nilikuwa nimejiandaa kuzitetea, nipate mahali pa kupeleka moto uliokuwa ndani yangu. Lakini alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Si ungeniambia tu." Akaingia ndani, akaoga, akaenda gereji bila chai. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama alikuwa na haki ya kuuficha wake. Mimi nilikuwa naficha nini, zaidi ya uvivu wa kufikiri?

Kuanzia siku hiyo koki ikawa yangu. Mume wangu alinifundisha kuifungua, kisha akawa hapiti tena upande ule wa karavani, na mama, aliponiona mimi mwenyewe nimebeba ndoo kwenda shimoni, akaanza kukitumia choo. Bandeji zikaanza kukauka. Kidonda cha juu ya kifundo kikafunga, muuguzi akanipongeza, nikashindwa kumtazama. Lakini vidole, vilivyokuwa vikipita kwenye ile barafu kila alfajiri, vilikuwa vimeshabadilika rangi. Mguu haukukatwa. Vidole vilikatwa. Daktari alisema tumebahatika. Sikumuuliza kama vingepona endapo mama angekaa ndani, kwa sababu niliogopa angenijibu.

Mwaka huo, mvua ilipoanza, tulimrudisha Kabuchai. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, wakajaa sebuleni, na baada ya sala wakataka habari za Kitale. Mama yangu alikuwa msimulizi. Aliwaeleza sinki na kitanda cha kukunja, akasifu mkwe aliyeingia chini ya gari kwa mgongo kwa ajili ya mama mkwe. Mambo ya vichaka hakuyataja. Halafu akasema:

"Kwa mkwe wangu hata choo kinalazwa na blanketi."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa nazunguka na birika ya chai, nami nikacheka nao, maana ningefanyaje.

Mmoja wao, mzee kuliko wengine, akapangusa machozi akauliza: "Na wewe sasa, walikufunika na nini?"

Mama alivuta kanga akaufunika ule mguu wake. Hakunitazama.

"Mimi sikuwa nasikia baridi," alisema, na akanyoosha kikombe nimwongeze chai.