Nilivyoiambia Jericho kwamba taya langu lina mfupa wa fisi

Wakuu, niaje. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Uongo uliomo niliusema wakati ule, na ndio ulioniponza.

Miaka ya tisini nilikuwa karani, naishi mtaa wa Jericho. Jino la mbele liling'oka kwenye mechi ya mtaa, nikakaa na pengo miaka mitatu. Harusi ilipokaribia nikaenda kwa daktari mmoja wa meno, alikuwa ametoka kusoma ng'ambo.

Akaniambia mfupa wa taya umepungua, skrubu ya kubeba jino la bandia haina pa kushika. Kwanza atajaza unga mweupe, chengachenga kama chumvi ya mawe.

Umetengenezwa maabara. Si wa mtu, si wa mnyama. Mfupa wangu utaota polepole humo, halafu ndiyo skrubu iingie.

Nikarudi mtaani shavu limefura. Jirani yangu Mutiso, mchongaji wa vinyago (ndiye aliyenibatiza Pengo), akauliza nimewekwa nini.

"Mfupa wa fisi," nikamwambia. "Hauvunjiki huo."

Akaweka patasi chini. Hakucheka. Mimi nilikimbia ndani kuchekea kwenye mto.

Kufika Jumapili, kanisa zima linajua.

Jumatatu mchumba wangu Wambui akaja analia. "Mathe amesema hakuna harusi. Hataki wajukuu wa fisi."

Kicheko kikakauka. Nilimpenda yule msichana, wakuu. Niliapa kwamba ulikuwa utani, lakini nani angeniamini? Nikambembeleza mamake twende kwa daktari pamoja, asikie mwenyewe.

Daktari akatoa kichupa, akammwagia chembe kiganjani. Mama akanusa, akasugua.

"Hakuna mnyama hapa?"

"Hakuna, mama."

"Na mbona huyu anacheka vile?"

"Hiyo ni tabia yake. Sina dawa."

Nikajua nimekwisha.

Mama akainuka, akafunga mlango vizuri, akarudi na kupanua mdomo. Mapengo mawili upande wa chini!

"Na kwangu huu unga utashika?"

Harusi ilisogezwa karibu mwaka mzima, na aliyeomba ni yeye. Alisema hawezi kupigwa picha kabla meno yake hayajakamilika.

Funzo: matibabu mageni yaeleze vile yalivyo, kwa sababu usipoeleza, watu watajaza wenyewe.

Haya, nani mwingine aliwahi kuponzwa na mdomo wake? Mwageni hapa chini, na msinicheke peke yangu.