Shahada Niliyoitia Plastiki

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema nisije nikaonekana najificha: ni mimi niliyeitia plastiki shahada ya yule binti.

Nilikuwa nafanya kazi Jeddah, kwa familia ya Kipakistani. Baba alikuwa karani bandarini, madam akifundisha shule, na mimi nikipika, nikifua, nikipiga pasi na kugombana na kila aliyekanyaga sakafu yangu kabla haijakauka. Binti yao wa pekee nilimkuta ana miaka saba, hana meno mawili ya mbele. Aliniita khala, yaani mama mdogo, nami nikamfundisha Kiswahili cha jikoni, kile cha "lete mwiko" na "toka hapo utaungua". Alipokwenda kwao Lahore kusoma chuo, nilijifanya nina mafua wiki nzima.

Akarudi na shahada ya uhandisi wa maji, na hamu ya kwenda Ujerumani kusoma zaidi. Kulikuwa na ufadhili wa wanafunzi wa Kipakistani wenye vichwa vyepesi, unaolipa ada, nauli na mahali pa kulala, na waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi. Mara ya kwanza walimkataa. Mara ya pili aliandika barua yake kwenye meza yangu ya jikoni, akinisomea huku nikikata vitunguu. Sikuelewa hata nusu, lakini nilimwambia aondoe maneno ya kubembeleza.

"Usiwaombe kama unaomba chumvi kwa jirani," nikamwambia. "Waambie unajua nini."

Kama ni ushauri wangu uliosaidia au la, sijui. Yeye anasema ndio. Walimkubali.

Likabaki jambo moja. Shahada yenyewe, ile halisi, ilitakiwa igongwe muhuri katika ofisi moja huko Riyadh, na barua ilisema wazi: muhuri usipopatikana kufikia Alhamisi, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha.

Siku tatu kabla, nilitumwa mtaa wa Kandara, palepale Jeddah, kutoa kopi za pasipoti, na bahasha nzima ya karatasi zake, shahada ikiwemo, ilikuwa mkononi mwangu. Pale dukani nikaiona ile mashine inayomeza karatasi na kuitoa ikiwa imevaa plastiki, ngumu, inang'aa. Kwetu Malindi, cheti cha maana hakikai bila plastiki. Mvua, mchwa, mafuta ya taa, watoto, vyote vinakitamani. Changu cha darasa la nane hakikuvaa, na leo sina cha kumwonyesha mtu. Basi nikampa mwenye duka ile shahada. Ilipotoka, ya moto, nilijisikia kama nimemvisha mtoto koti kabla ya safari.

Na binti mwenyewe alifurahi! Alinibusu shavuni akasema, "Mashallah khala, inang'aa!" Msomi mzima, hakujua. Madam naye hakujua.

Madam alikuwa na mitihani shuleni na baba hakupewa ruhusa kazini, kwa hiyo nikamsindikiza mimi. Tulipanga chumba Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, na Alhamisi asubuhi tukawa wa kwanza kwenye foleni. Bwana wa dirishani aliigusa shahada kwa ncha ya kidole, akaigeuza, akaturudishia. Muhuri haushiki kwenye plastiki, alisema, na utaratibu wao haukubali. Tuitoe plastiki, au tulete nyingine halisi kutoka chuoni. Dirisha linafungwa saa nane mchana. Hakuwa mtu mbaya; alitutazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

Nje, binti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Halas, khala, imekwisha," akakaa kwenye ukingo wa barabara na abaya yake mpya.

"Inuka," nikamwambia. "Hiyo plastiki ilishikishwa kwa moto, na moto ndio kazi yangu. Yalla."

Mlinzi wa jengo tulimopanga chumba alikuwa Mkenya mwenzangu, kijana wa Kitale. Alituazima pasi huku akiitazama ile karatasi kwa wasiwasi.

"Mathe, ukichoma hiyo kitu, mimi sijui hiyo pasi imetoka wapi."

Nilitandika leso mezani, nikakata ukingo ambapo plastiki ilishikana na plastiki mwenzake, nikafunika kwa leso nyingine, pasi ikiwa na joto la kitambaa cha hariri, si zaidi. Nabonyeza, nainua, napitisha uzi wa kushonea chini ya plastiki, navuta upana wa ukucha. Kisha tena. Binti alikaa sakafuni amenipa mgongo, hakuweza kutazama.

Saa sita ikapita. Nembo ya chuo ikatoka salama. Jina lake likatoka salama. Nikafika kwenye sahihi ya mkuu wa chuo, na wino wake ulikuwa umeng'ang'ania plastiki.

Sasa niseme ambalo sijapata kumwambia yeye. Pale niliacha kuvuta. Nilijua kwamba nikivuta haraka kidogo tu, sahihi inaondoka, na hakuna atakayenilaumu zaidi ya nilivyokwisha kujilaumu. Tutarudi Jeddah sote wawili. Ataolewa karibu, atakuja Ijumaa kula, nitawabeba watoto wake. Wangu mwenyewe niliwaacha Malindi kwa mama yangu wakiwa wadogo, wakakulia kwenye simu. Huyu ndiye niliyemwona akikua kwa macho yangu. Nilimpenda kwa uchoyo, na uchoyo ule ulinishika mkono, uzi umesimama katikati ya karatasi.

"Khala," akasema bila kugeuka, "ikichanika, nyumbani nitasema ni mimi niliyekuagiza uitie plastiki. Usiogope. Mama hatakufukuza."

Maisha yake yote yalikuwa juu ya meza ile, na yeye alikuwa anafikiria kazi yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikafunika tena leso, nikabonyeza tena pasi, nikauvuta uzi unywele baada ya unywele. Sahihi ikabaki kwenye karatasi, imepauka kidogo mkiani.

Tulifika dirishani saa saba na nusu tukitweta. Yule bwana aliinua karatasi kwenye mwanga, akauliza tumetumia nini. Binti akamwambia, pasi. Akacheka, akavuta kidude chake cha wino, akagonga muhuri.

Nje binti alinikumbatia mpaka mtandio ukanivuka. Halafu akauona uso wangu.

"Khala, unalia nini? Si tumepata?"

"Tumepata, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo maana nalia."