Kicheko cha Jaladani

Siku hizo Fundi hakaliki, hasimamiki. Anashona mkono wa blauzi kwa sindano, anaufumua, anainuka kuchungulia mtaani, anarudi kushona upya. Yote hayo kwa sababu ya picha moja.

Lile shirika la kimataifa linaloikopesha serikali na kuiambia wapi ibane mkanda lilitoa ripoti. Jaladani alikuwa yeye, kacheka mpaka gego la mwisho, na chini yake maneno: "Mageuzi yazaa matunda: fundi nguo apanua biashara." Matunda gani, jamani? Umeme juu, vitambaa juu, na dada yake mkubwa, muuguzi, kapunguzwa kazi kwa mageuzi hayohayo! Waziri akaipunga ile picha bungeni. Wapinzani wakajibu kwamba huyo mwanamke kalipwa acheke. Wateja wakaanza kupita kama hawamjui, na dada akakata mguu.

Wateja wangerudi tu, nguo hazijishoni. Lakini dada ndiye aliyemlea, na Fundi aliogopa kumpoteza. Dawa ilikuwa kusema kweli, na kweli ndiyo iliyomkaba. Siku mpiga picha alipopita, hakuwa akipanua chochote. Alikuwa akiuza cherehani cha marehemu mama yao. Msukuma mkokoteni, akihema, akasema mashine hiyo ni nzito kuliko mkewe, ila afadhali hii hainuni. Fundi akacheka huku moyo unamuuma. Dada aliambiwa cherehani kimepelekwa kutengenezwa.

Asubuhi moja akaja mheshimiwa wa upinzani na kamera, ripoti mkononi, umati nyuma yake. Dada alikuwa humo, kakunja mikono.

"Mama yangu, sema tu walikulipa," mheshimiwa akabembeleza. "Halafu ulie kidogo."

"Nilie?"

"Machozi mawili yanatosha."

"Lo! Wale wamechukua kicheko, nyinyi mnataka machozi. Uso wangu nimeukodisha lini? Sikulipwa hata senti!"

"Kama hukulipwa," dada akasema, "ulikuwa unachekea nini?"

Fundi angeweza kudanganya tena. Alimtazama dada yake, akachoka. Liwalo na liwe.

"Nilikuwa nauza cherehani cha mama. Msukuma mkokoteni alinitania, nikacheka."

"Safi sana!" mheshimiwa akaruka. "Rudia hiyo, tazama kamera."

Dada akampokonya ripoti. Pembeni mwa picha, nyuma ya bega la Fundi, ulionekana mkokoteni, na juu yake kile cherehani chenye mguu uliofungwa waya na mama mwenyewe.

"Picha hii nimeitukana kila siku," akasema taratibu, "na sikuona kitu ila meno yako."

Akamsukuma Fundi ndani, akaubamiza mlango mbele ya kamera. Wakabaki wawili katikati ya vipande vya vitambaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ndiyo kwanza ulikuwa umepunguzwa kazi."

 Dada akashika ukingo wa meza.

"Ule unga ulioniletea wiki ile. Na karo ya watoto wangu. Ukaniambia umepata kazi ya sare za shule."

Fundi akauokota mkono wa blauzi, akatafuta sindano asiione. Dada akakaa chini sakafuni akalia, na wale wa nje bado walikuwa wanagonga mlango.