Mwaridi wa Ukuta wa Nyuma

Juzi nilifungua sabuni yenye harufu ya waridi, na mgongo wangu wote ukaniwasha.

Nyumba yetu ya Musoma ilikuwa na bustani ndogo upande wa ziwa. Mama alipanda hapo mwaridi wa maua ya pinki, akautambaza ukutani kwa kamba za nyavu kuukuu. Ulinukia hadi jikoni. Miaka ile madukani hapakuwa na sabuni, na mama aliuza ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka.

Asubuhi moja mgambo alibisha hodi. Mama alinisukuma nyuma ya mwaridi pamoja na katoni ya sabuni.

"Usitikisike," aliniambia.

Nilibanwa pale, miiba ikiwa imenishika gauni na ngozi ya mgongo. Mgambo alipekua vyumba vyote, kisha akaja bustanini.

"Mama, huu mti unanukiaga vizuri," alisema, akainama kunusa. Macho yetu yakakutana katikati ya majani.

Alichuma ua moja, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata alirudi kuomba maua. Mama alimfungia kwenye gazeti, na ndani yake akaweka mche wa sabuni. Tangu hapo alikuja kuchukua maua na mche wake kila Jumamosi, hata biashara ilipokufa na sisi wenyewe tukawa tunafua kwa majani ya mpapai.

"Mama, si uung'oe tu huu mwaridi, asiwe na kisingizio cha kuja?" nilimwambia siku moja.

Aliendelea kuumwagilia maji. "Nikiung'oa, mwanangu, atajua nimechoka kumpa. Atakuja na wenzake."