Majani ya Mbele ya Ukumbi

Jumatano, tarehe tisa Aprili. Mvua imeanza kabla ya alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa inarudi kutokea upande wa milimani. Njia ya kwetu haipitiki ila kwa gambuti.

Editha, dada anayesimamia bustani za chuo siku hizi, alikuja Jumapili baada ya misa. Aliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tunapanda majani kwa mbegu, maana uwanja wa mbele ya ukumbi umechakaa na wanataka kuuanza upya. Nilimwambia mimi nimeishia darasa la saba, mwandiko wangu ni wa kujaza daftari langu mwenyewe. Akasema, "Babu, andika hivyo hivyo, sisi tutasoma." Basi naandika. Nikikosea mahali, mwenye kujua zaidi arekebishe.

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa moja kasorobo kwenye nyumba ya wageni ya mradi mmoja wa kilimo, hapa hapa Ifakara. Nilivaa shati la kanisani, sijui kwa nini. Msimamizi wangu alikuwa mzee mmoja wa Mbingu ambaye wote tulimwita Bwana Bustani, nasikia hata mkewe alimwita hivyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanikabidhi jembe na kunionyesha kipande cha ardhi chenye ndago. Ndago ni gugu lenye vitunguu vidogo chini ya ardhi. Ukilivuta kwa juu linakatika, vitunguu vinabaki, na baada ya wiki yanaota mengine kwa hasira. Nilichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Jioni mzee akaingiza vidole kwenye udongo niliousifia moyoni, akatoa kiganja kizima cha vitunguu.

"Hivi umeviacha vya mbegu?" akaniuliza.

Kesho yake nilirudia upya. Shati la kanisani sikulivaa tena.

Nilikaa pale miaka minne. Kwa yule mzee nilijifunza kusawazisha ardhi kwa kamba na ubao, na kuiinamisha kidogo sana ili maji ya mvua yaende mbali na nyumba. Nilijifunza kupanda ukoka kwa vipando, yaani unakata vipande vya ule mtambaa wenye vifundo, unavifukia kwa mistari, kila kifundo kinatoa mzizi wake. Mbegu hatukuwahi kutumia. Aliwahi kusema ujanani alipanda majani ya mbegu huko kwenye mashamba ya mkonge, na mimi sikuuliza alipandaje. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nalo lilikuwa dogo.

Mradi ulipofungwa, chuo kikanichukua. Mkuu wa Chuo wa wakati ule alikuwa mtu wa kupenda usafi, na alikuwa amemaliza kujenga ukumbi. Mbele ya ukumbi palikuwa na udongo mtupu, kiangazi vumbi, masika tope. Akaagiza mfuko wa mbegu za majani kutoka Dar es Salaam, apate uwanja wa kijani kabla ya mahafali. Msimamizi wa Majengo, ambaye ndiye bosi wetu wa karibu, aliniita akaniuliza kama najua kupanda mbegu. Nilicheka kidogo. Mtu aliyezaliwa Ifakara kumuuliza kama anajua mbegu. Nikamwambia, mzee, mimi mpunga nimeupanda kabla sijajua kuandika jina langu.

Nilifanya kazi ile na Luhende. Yeye alikuwa Msukuma aliyekuja bondeni na kaka yake pamoja na ng'ombe wao. Kaka alibaki na mifugo nje ya mji, Luhende akatafuta kibarua chuoni, akawa anatunza uzio na geti la nyuma na kunisaidia bustani. Tulitaniana kutwa. Alikuwa akiniita nkoi, kwao ni rafiki. Aliniambia, "Nkoi, wewe unaotesha majani, mimi nina ng'ombe wa kuyala. Kazi yetu ni moja." Nami nikamjibu kwamba yeye akienda peponi atauliza kwanza malisho yako wapi.

Sasa nieleze nilichofanya, ili msije mkakifanya. Nilizichukua zile mbegu, ndogo kama vumbi la pumba, nikaziloweka kwenye ndoo usiku na mchana. Kisha nikazifungia kwenye gunia bichi siku mbili zipasuke, kama tufanyavyo mpunga. Nikauvuruga udongo kwa maji mpaka ukawa uji, nikajenga vituta pembeni kuzuia maji, nikamwaga mbegu. Yaani mbele ya ukumbi wa chuo nilitengeneza jaruba la mpunga. Luhende alisimama akatazama, akauliza kama majani nayo huogelea. Nikamwambia achunge ng'ombe, mbegu aniachie.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili, Jumamosi, nilichimba kwa kidole peke yangu. Mbegu zilikuwa zimekuwa za kahawia, laini, zinanuka kama pombe iliyolala. Zote. Nilichimba sehemu sita au saba, sikumbuki vizuri. Nikasawazisha matundu yangu kwa kiganja na kwenda nyumbani. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili na mguu umevimba. Sikumwambia.

Jumapili mchana, wakati tuko kanisani, ng'ombe waliingia kwa geti la nyuma. Haki lazima isemwe, waliingia kweli. Geti lilikuwa la Luhende, na ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika alikuwa wa kaka yake. Walikanyaga tope lote, wakaacha kwato kila mahali.

Jumatatu Msimamizi wa Majengo alisimama pale na sisi wawili. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga kelele, na alitaka kuujua ukweli, ndiyo maana aliuliza. Alinigeukia mimi.

"Fideli, majani yalikuwa yameanza kuota?"

"Yalikuwa yanaanza, mzee."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema kwamba ng'ombe ndio walioharibu. Nimejitetea kwa hilo miaka mingi, kwamba sikumtaja mtu. Luhende alinitazama, kisha akatazama chini. Alikuwa kibarua asiye na mkataba, kwa hiyo kumwachisha kazi hakukuhitaji barua. Kabla ya saa sita alikuwa amerudisha buti na koleo.

Mbegu nyingine ziliagizwa. Mimi nikaomba ruhusa siku moja, nikapanda gari la Mlimba, nikashuka Mbingu kwa Bwana Bustani. Alikuwa amestaafu, anamenya mihogo. Nilimweleza yote ya mbegu, ya Luhende nikayaacha. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mpunga ni bata," akasema. "Majani ni kuku. Kuku anataka maji ya kunywa, hataki ya kuogelea. Umewazamisha kuku wangu wote, bwana mdogo."

Haya ndiyo aliyonifundisha, nami sijaona bora kuliko haya. Usipande katikati ya masika, mvua nzito itazihamisha mbegu zote mtaroni. Subiri mvua ipungue, mwishoni mwa Mei. Lima kina cha jembe, ondoa mawe, mizizi na ndago. Udongo wetu wa mfinyanzi ukikauka unakuwa tofali, kwa hiyo uchanganye na mchanga wa mtoni na samadi iliyooza hadi haina joto wala harufu. Sawazisha kwa kamba. Kisha umwagilie na uache wiki mbili bila kupanda kitu. Mtu atakuona mvivu. Magugu yaliyojificha yataota, nawe utayang'oa yote kabla mbegu zako hazijafika.

Siku ya kupanda, udongo uwe na unyevu lakini usishike kwenye kandambili. Changanya mbegu na mchanga mkavu, maana peke yake hazionekani na mkono utazimwaga sehemu moja. Gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza mwaga ukienda kwa urefu, la pili kwa upana, asubuhi kabla ya upepo. Pitisha reki kwa mgongo wake, polepole, kama unamkuna mtoto. Mbegu isizame zaidi ya unene wa kucha. Halafu shindilia kidogo. Sisi tulitumia pipa lililojazwa maji nusu, tukalivingirisha. Tandaza nyasi kavu chache juu, jua lisiziunguze na sisimizi wasizione upesi. Sisimizi ni wezi kuliko ndege.

Maji ni kwa keni yenye matundu madogo, kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Udongo usikauke juu na maji yasituame. Siku ya kumi utaona kama moshi wa kijani ukiinamia chini. Usikanyage. Yakifika vidole vitatu, yakate kwa mashine yenye kisu kikali, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Kisu butu kinang'oa badala ya kukata. Mbolea ya kukuzia weka baada ya mkato wa pili, kiasi cha kunyunyiza tu, kisha mwagilia mara moja, la sivyo yataungua.

Nilifanya hivyo, na yakaota. Siku ya mahafali wageni walivua viatu bila kuambiwa. Mkuu wa Chuo alinishika mkono mbele ya watu akasema mtu huyu ana mkono wa baraka. Nikapata ajira ya kudumu, baadaye cheti, baadaye nikawa Bwana Bustani mimi mwenyewe. Walinipeleka mpaka Malinyi kuelekeza ofisi moja, na Masagati kupanda uwanja wa shule, ambako mbuzi waliyamaliza yote na mwalimu mkuu akasema afadhali wameshiba. Wakuu wa Chuo watano wamepita juu yangu. Kila mmoja aliusifia uwanja ule, na mimi kila niliposifiwa nilikuwa natafuta shughuli ya mikono.

Nilistaafu mwaka juzi. Mwezi wa pili wa kukaa nyumbani nilikwenda Malinyi, nilikoambiwa anaishi, kumtafuta Luhende. Nilisikia ng'ombe wao walikwisha kwa ndigana, homa ile ya kupe, miaka miwili baada ya yeye kuondoka chuoni, na kaka yake alirudi kwao. Nilimkuta kwenye banda dogo ukingoni mwa mashamba ya mpunga ya watu, amekaa kwenye kigoda. Macho yalikuwa yamefunikwa na utando. Alinijua kwa sauti.

Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia yote. Kwamba mbegu zilikuwa zimeoza tangu Jumamosi, kwamba nilizichimba, kwamba nilijua wakati naulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, nkoi," akasema. "Hata mimi nilichimba. Jumatatu asubuhi, kabla hamjafika."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mimi nilikuwa na mke mjamzito na reki tu, na yeye alikuwa na ng'ombe. Aliona atapata pa kushika. Halafu akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Siku ile sikutegemea useme. Mtu akiulizwa na bosi anaogopa. Nilitegemea useme kesho yake. Nilikuja getini mara tatu, unakumbuka? Nikasema labda leo. Ng'ombe walipokufa nikaja tena, nikakusalimia. Ukanipa maji ya kunywa."

Nakumbuka. Nilimpa kwenye kikombe cha bati na nikamuuliza habari za nyumbani.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe, na sitaki kumwekea maneno mdomoni. Aliniuliza kama yale majani bado yapo. Nikasema yapo. Akasema ni vizuri, kitu kikipandwa kidumu. Nilirudi mara moja nyingine, mwezi wa Disemba, nikakuta wamemzika wiki tatu nyuma.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo wa sasa kumweleza, nikitaka iandikwe mahali kwamba Luhende hakuharibu kitu. Alinipokea kwa heshima. Akasema vibarua wa zamani hawana majalada, hakuna pa kuandika. Nadhani alisema kweli. Ndiyo maana nimeandika hapa, katikati ya maelezo ya majani, mahali ambapo watu wa kazi hii watasoma. Editha, usinikatie sehemu hii. Kama karatasi ni nyingi, ikate ile habari ya Masagati. Na kama msaidizi wako akiharibu, au ukiharibu wewe, nakuomba usichelewe kusema hata siku mbili. Sijui kama mimi ni mtu wa kumwonya mwingine. Lakini maneno niliyo nayo ndiyo haya.

Mvua imetulia. Kabla ya chakula nimemsomea mke wangu yote, kwa sababu miaka yote hii hakuyajua, na yeye ndiye aliyekuwa na ile mimba. Aliinuka akaenda jikoni. Amepika ugali wa dona, kisamvu, na kambale wa kukaushwa. Tangu watoto wetu waondoke tunakula sahani moja. Leo ametenga mbili. Inawezekana ni kwa sababu mchuzi ulikuwa mwingi.